Mume Wangu Anasema Sina Masikio

Wiki hii barua za mawifi na za wachumba wasiopokea simu nimeziweka kando, maana kuna moja imenifurahisha. Aliyeiandika anaishi Mbagala, ana mume, ana watoto wawili, na anaililia cherehani. Nimeifupisha:

"Dada, shikamoo. Mume wangu ni mtu wa muziki na sijawahi kumzuia. Sasa kuna hedifoni za waya ameziona Kariakoo, pamoja na kidude cha kuchomeka kwenye simu, vyote vinakaribia laki tisa. Anataka zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana hela ikifika tuvinunue, cherehani ingoje. Anasema nyimbo tunazosikiliza kwenye simu zimekatwakatwa, kuna muziki wa ubora wa juu ambao tukishauonja hatutarudi nyuma. Juzi kwa rafiki yake alinipigia wimbo mmoja mara mbili, akaniuliza, umesikia? Nikasema mimi naona ni ule ule. Wakacheka wote, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Dada, kweli masikio yangu ni mabovu? Na hela niitoe?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na masikio, kwa sababu naona hicho kicheko kilikuuma kuliko hela yenyewe. Kwa hayo uliyoniandikia, masikio yako hayana neno. Ukiambiwa yana kasoro, basi kasoro hiyo unayo pamoja na watu waliozeeka ndani ya studio, na wengine wenye mitambo ya muziki ya bei ya gari. Nitakueleza nilivyofika hapo, nawe utamweleza shemeji taratibu, akiwa ameshakula.

Muziki wa dijitali ni namba. Mashine inapima mtetemo wa sauti mara nyingi kila sekunde na kukiandika kila kipimo. CD, ambayo Sony na Philips waliiingiza sokoni mwaka 1982, hupima mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Hiyo 44,100 haikuokotwa njiani. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na hesabu zinadai kwamba ili uirudishe sauti kama ilivyokuwa, uipime zaidi ya mara mbili ya mitetemo yake. Wakazidisha kidogo kwa usalama, kazi ikaisha. Tena hiyo 20,000 ni ya vijana. Mtu akishafika miaka 50, hata 15,000 kwa wengi huwa hadithi. Biti 16 nazo zinabeba tofauti ya desibeli kama 96 kati ya mnong'ono na kishindo, na sijui ni chumba gani cha Mbagala, chenye feni inayozunguka na bodaboda dirishani, kitakachokuwezesha kuzitumia zote.

Huo "ubora wa juu" wa shemeji unaanzia pale CD inapoishia: biti 24, vipimo 96,000 au hata 192,000 kwa sekunde. Chini ya CD ndiko waliko MP3 na wenzake, wanaotupa sehemu za sauti ambazo sikio kwa kawaida halizitafuti, ili faili iwe ndogo. Kwa hiyo ngazi ni mbili, na nahisi shemeji amezifanya moja. Kupanda kutoka MP3 iliyobanwa sana hadi CD, hapo hata wewe pengine utasikia kitu. Kutoka CD kwenda huko juu, hapo ndipo watu wazima wanapokaribia kutoana macho.

Mwaka 2007 watafiti wawili, Meyer na Moran wa Boston, walichapisha jaribio lao kwenye jarida la chama cha wahandisi wa sauti. Walichukua rekodi za ubora wa juu, wakazipiga kama zilivyo, kisha wakazipitisha kwenye mashine iliyozishusha hadi kiwango cha CD, na msikilizaji akatakiwa aseme ipi ni ipi bila kuambiwa. Kulikuwa na wanafunzi, wapenzi wa muziki wenye mitambo yao, na watu wa studio. Katika majaribio 554 walipatia 276, yaani asilimia 49.8. Mdogo wangu, ukirusha sarafu unapata hivyo hivyo.

Nisiwe mchoyo kwa shemeji, hoja yake nayo ina mtu wa kuisimamia. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya majaribio 18 ya aina hii, yenye hukumu zaidi ya 12,500 kwa jumla, akayapima yote pamoja. Waliopatia walikuwa asilimia 52.3. Waliofundishwa kwanza wasikilize nini, walifika kama asilimia 60. Kwa hiyo kitu kipo. Ni kidogo mno, kinahitaji mafunzo na utulivu, na hata waliofunzwa bado wanakikosa mara nne katika kumi. Mtu akikupigia wimbo mara mbili sebuleni kwa rafiki yake, huku soda zinafunguliwa, halafu akakucheka kwa kutokisikia, anakuonea.

Sasa swali lenyewe: je, wasikilizaji wanajali? Mimi nasema wameshajibu, tena kwa pochi zao. Tangu mwaka 1999 kampuni zimekuwa zikileta muziki wa juu ya CD. Ilianza Super Audio CD, mwaka uliofuata ikaja DVD-Audio, na zote mbili zikaishia kwenye kabati za wachache. Wengi wakati huo walikuwa wanakimbilia upande wa pili kabisa, kwenye MP3, wakafurahi kwamba albamu mia zinaingia mfukoni.

Halafu akaja mzee Neil Young, mwanamuziki wa Canada ambaye sauti mbovu humkera kama mbu anayelia sikioni. Machi 2014 aliunadi Pono, mtambo mdogo wa pembetatu wa kusikilizia muziki wa ubora wa juu, bei dola 399. Akawaomba watu wachangie kupitia Kickstarter, wakachanga zaidi ya dola milioni sita. Kwenye video ya kuunadi aliwapandisha wanamuziki wakubwa kwenye gari lake la zamani, akawawekea muziki, na kila aliyeshuka alishuka ametoa macho akisema hajawahi kusikia kitu kama kile. Nilipoiona ile video nilijiuliza jambo moja tu: ni nani angeshuka kwenye gari la Neil Young, kamera ikiwa mbele yake, akasema "Mzee, mimi naona ni ule ule"?

Pono ilianza kuuzwa madukani mwaka 2015. Mwandishi David Pogue akafanya ambalo halikufanyika kwenye gari: aliwapa watu wasikilize Pono na iPhone bila kujua ipi inapiga. Pono haikushinda. Mwaka 2016 duka lake la nyimbo likafungwa, na mwaka 2017 Young mwenyewe akatangaza kwamba basi. Simcheki, alikuwa na nia safi, na dola milioni sita zilitoka kwa watu wanaojali kwelikweli. Tatizo ni kwamba watu hao ni wale wale waliokuwa na Super Audio CD kabatini.

Tazama na bei. Mwanamuziki Jay-Z alipoizindua upya Tidal, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, mwaka 2015, sauti ya CD iliuzwa dola 19.99 kwa mwezi, wakati ile ya kawaida ilikuwa 9.99. Amazon nao mwaka 2019 wakaweka yao dola 14.99. Mei 2021 Apple wakatangaza kwamba wanachama wao watapata sauti isiyopunguzwa kitu, mpaka ile ya 192,000, bila kuongeza senti, na Amazon nao siku hiyo hiyo wakafuta nyongeza yao. Mwaka 2024 Tidal nao wakashusha bei. Spotify, walioahidi mapema 2021, walikuja kuitoa mwaka 2025 ndani ya malipo yale yale. Mfanyabiashara hagawi bure kitu ambacho watu wako tayari kukilipia. Cha kuchekesha zaidi, Apple wenyewe waliandika kwenye maelezo yao kwamba tofauti kati ya faili yao iliyobanwa na hii mpya ni kama haitambuliki. Muuzaji anakwambia hutaona tofauti, wewe unataka kuvunja mchezo!

Lakini usiende kumwambia shemeji kwamba watu hawajali sauti. Hapo utakuwa umekosea wewe. Watu wanajali sana. Mwaka 2008 wanamuziki wa bendi ya Metallica walitoa albamu yao Death Magnetic, na nyimbo hizo hizo zikaingia kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero. Waliocheza, vijana wa kawaida wenye spika za televisheni, wakagundua kwamba za kwenye mchezo zinapumua vizuri kuliko za kwenye CD. Sababu ni kwamba za CD zilisukumwa studio mpaka sauti yote, ya ngoma na ya gitaa, ikabandikwa kwenye dari, hakuna dogo wala kubwa. Maelfu wakaweka saini kutaka albamu itengenezwe upya. Hapo hakuna aliyefundishwa wala aliyenunua kidude. Kasoro ilikuwa ya kusikika, wakaisikia.

Na hapa pana siri ambayo hata Meyer na Moran waliigusa. Waliona zile rekodi za ubora wa juu, kwa ujumla, zinasikika vizuri kuliko CD nyingi za kawaida, hata zikishushwa hadi kiwango cha CD. Kwa nini? Kwa sababu aliyezitengeneza alijua zinakwenda kwa watu makini, akazifanya kwa uangalifu, hakuzisukuma darini. Inawezekana kabisa shemeji amesikia tofauti ya kweli kwa rafiki yake. Ila aliyoisikia ni kazi ya mikono ya fundi wa studio, na sifa akaipa namba ya kwenye boksi.

Kwetu huku nakuta ubishi huu unakosea mlango zaidi. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Sahani za zama hizo hazikubeba hata nusu ya sauti nyembamba tunazoweza kuzisikia. Lakini nikizisikiliza leo, kinachonisikitisha mimi ni kwamba upande mmoja wa sahani ulichukua dakika kama tatu tu. Taarabu ya dakika tatu! Muda ndio tuliopunjwa, na hakuna biti 24 itakayourejesha. Nenda kwa vijana wa singeli, muziki unaokimbia midundo 200 mpaka 300 kwa dakika: wao wanaupika kwa kompyuta ya kawaida na wanaupima kwenye sabufa ya mtaani, iwapo watu wanainuka au hawainuki. Huo nao ni ubora, tena mtihani wake ni mgumu.

Kinachoharibu muziki kwenye simu zetu nakijua, na hakiponi kwa laki tisa. Ni wimbo uliochopolewa YouTube, ukageuzwa MP3 na tovuti yenye matangazo ya ajabu, ukapakiwa mahali, mwingine akaupakua akaugeuza tena, ukafika kwako kwenye memori kadi umeandikwa kilobiti 320 kwa fahari. Kila unapobanwa upya, unapoteza kingine, kama fotokopi ya fotokopi. Kuuandika 320 hakurudishi kilichotupwa. Matoazi yanasikika kama mtu anakaanga dagaa. Wimbo huo shemeji akiupigia kwenye hedifoni za bei mbaya atafaidi kitu kimoja tu, kuzisikia kasoro zake vizuri zaidi. Njia ya kuuponya ni kuupata kwa mwenyewe: nunua, au lipia huduma ya kusikiliza mtandaoni na uende kwenye mpangilio uchague ubora mkubwa, maana wengine simu zao zimewekwa kwenye kubana bando na hawajui. Msanii naye apate chochote.

Kuhusu bando, hesabu hii muwekee mezani. Wimbo wa dakika nne kwa MP3 ya kilobiti 320 ni kama MB 10. Kwa ubora wa CD, hata ikibanwa bila kupoteza kitu, ni kama 25 hadi 30. Ya biti 24 na 192,000 huvuka MB 100 bila shida, na albamu nzima inakula GB na chenji. Kama nyumbani kuna waifai ya ofisi ya mtu, sawa. Kama ni bando la wiki, hilo bando litakuwa mke mwenza.

Halafu kuna hili la bluetooth, mwambie hata kama hataki kusikia. Ukipeleka muziki kwa bluetooth, simu inaubana upya kabla ya kuurusha. Hata njia pana inayojulikana sana, LDAC ya Sony, mwisho wake ni kilobiti 990 kwa sekunde, na CD peke yake ni 1,411. Nimeona watu wamelipia ubora wa juu, wamejaza simu, halafu wanausikiliza kwa spika za masikioni zisizo na waya za elfu kumi na tano. Shemeji angalau amechagua waya, hapo nampa pongezi.

Na ile stika ya dhahabu ya Hi-Res Audio kwenye boksi, msiipigie magoti. Ni alama halali, inasimamiwa na chama cha sauti cha Japani, na moja ya masharti yake kwa hedifoni ni ziweze kufika mitetemo 40,000. Sikio lako linaishia 20,000. Mnafuga paka? Paka atafurahi sana. Tena Kariakoo stika yenyewe inaweza kuwa imechapishwa Kariakoo.

Kwa hiyo hela. Mimi ningekuwa shemeji ningeanza na kinachogusa sikio: hedifoni nzuri za waya, za bei ya wastani, zilizokaa vizuri kichwani, azijaribu dukani kwa wimbo anaoujua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi. Hapo tofauti ni kubwa na hahitaji mafunzo kuisikia. Za aina hiyo hazifiki hata robo ya laki tisa. Kidude cha kuchomeka kingoje, isipokuwa kama simu haina tundu la waya; na hapo adapta ya kawaida, ya bei rahisi, inatosha. Akisharidhika, apunguze sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na linasema vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kuharibu masikio kwa namna wanavyosikiliza. Ukiwa umekaa pembeni yake na unausikia wimbo wake mpaka mashairi, huyo ndiye mwenye sikio la kufa.

La mwisho, na hili ni la ndoa. Alipokuuliza "umesikia?" nadhani alikuwa anakuita. Mtu akipenda kitu hawezi kukipenda peke yake, anatafuta wa kumshika mkono wakasikilize wote. Alikosea alipocheka mbele ya rafiki yake, na hilo umwambie wazi, asirudie. Lakini usimfungie mlango. Mwambie: "Baba fulani, tufanye mtihani, mimi na wewe, ukipatia utakula pilau Jumapili."

Mtihani wenyewe ni huu. Achukue wimbo mmoja wa ubora wa juu anaouamini. Ampe kijana mwenye kompyuta autoe nakala mbili kutoka faili hiyo hiyo, moja ya CD na moja ya MP3 ya 320. Ni lazima zitoke faili moja, ama sivyo mtakuwa mnalinganisha mafundi wawili wa studio. Sauti iwe sawa kabisa, msiiguse, kwa sababu wimbo uliopandishwa hata kidogo huonekana mtamu zaidi. Hedifoni ziwe za waya. Kwanza asikilize ile ya juu na ile ya CD anavyotaka, azijue. Kisha ageukie ukutani, asione simu wala uso wako, maana utacheka. Wewe rusha sarafu: ikiangukia kichwa, piga ya juu, upande wa pili, ya CD. Yeye aseme ipi. Andika. Mara kumi. Mkimaliza, rudieni kwa ile ya MP3.

Akipatia tano au sita, anabahatisha. Saba au nane, mrudie siku nyingine watoto wakilala. Akifika tisa au kumi, hilo anayebahatisha hulipata kama mara moja tu katika mia, basi shemeji anasikia kweli, mpikie pilau lake na umwombe radhi kwa niaba yangu. Kisha zamu ya mchezo ikifika, mkanunue cherehani.